Pipa Linafunga? Somo la Mama Jikoni Mwangu Ughaibuni

Mama yangu alikuja kututembelea Uingereza mwezi Mei 2023. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Siku ya tatu aliniita jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya ndoo ya taka, kanga ameifunga kiunoni, kifuniko cha ndoo kiko mkononi.

"Mwanangu," akaniuliza, "jana kulikuwa na shughuli hapa?"

Hakukuwa na shughuli yoyote. Ilikuwa siku ya kawaida, watu wazima watatu na watoto wawili. Lakini ndoo ilikuwa imejaa hadi juu: karatasi za jikoni nilizofutia meza, waipsi nilizofutia sinki, foili iliyofunika kuku, nailoni iliyofunika wali, chupa sita za maji, na vijifuko vilivyobeba sandwichi za watoto. Chakula chenyewe kilichotupwa kilikuwa kidogo. Kilichojaza ndoo ni vitu vya kukifunikia, kukibebea na kukifutia.

Nilicheka, nikamwambia huku ndivyo tunavyoishi. Mama hakucheka. Alirudisha kifuniko, akasema, "Nyumbani kwako kila kitu ni mgeni. Kinaingia asubuhi, jioni kimeondoka."

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, nawaandikia kwa sababu maneno hayo yalinikaa moyoni. Nataka kuwasimulia habari ya jiko moja, pesa iliyokuwa ikipotea humo bila sisi kuiona, na ugomvi mdogo kati yangu na mama ambao mpaka leo naujutia.

Nilivyoileta wodi jikoni

Mimi ni muuguzi. Nilisoma stashahada nyumbani Tanzania, nikaja hapa na kuanza kwa kuhudumia wazee huku nikisubiri usajili, kisha nikajiendeleza hadi nikamaliza shahada mwaka 2019. Mwaka uliofuata ikaja korona.

Wengi wenu mnakumbuka. Sisi tuliokuwa wodini tulirudi nyumbani tukiogopa hata kugusa kitasa cha mlango. Kwa miezi kadhaa nililala chumba cha nyuma, na baba watoto aliniwekea chakula mlangoni kwenye sahani ya karatasi ili watoto wasije wakagusa chombo changu. Nilikula, nikaitupa. Nilifuta kila nilichopita kwa waipsi zenye dawa, nikazitupa. Kutupa kulinipa amani.

Hospitalini kutupa kuna sababu yake. Sindano iliyomchoma mgonjwa mmoja haimchomi mwingine, na glovu iliyogusa damu haiendi kitanda cha pili. Hakuna muuguzi atakayekwambia vinginevyo. Lakini hata huko tumeanza kujiuliza maswali. Mwaka 2018 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilianzisha kampeni ya kuwataka wafanyakazi waache kuvaa glovu pale zisipohitajika, maana mtu akishavaa glovu huwa rahisi kusahau kunawa mikono.

Mimi glovu nilizipunguza kazini, lakini nyumbani sikupunguza kitu. Hofu ya korona iliondoka, sahani za karatasi zikabaki. Nilikuwa nimelileta jiko la familia chini ya sheria za wodi, na hapakuwa na mgonjwa.

Mifuko kwenye kamba

Mama hakunisema tena. Alianza tu kuosha. Ile mifuko ya friza yenye zipu aliigeuza nje ndani, akaiosha kwa sabuni, akaianika dirishani kwa vibanio vya nguo. Makopo ya aiskrimu na ya majarini aliyapanga juu ya kabati kwa ukubwa wake, kama alivyokuwa akiyapanga kwetu Tanga. Nikipita pale najifanya sioni.

Jumamosi moja wenzangu wawili wa kazini walikuja kunywa chai. Walipokaa mezani, mifuko ilikuwa ikining'inia nyuma yao dirishani, inadondosha maji kwenye sinki. Mmoja aliitazama, akaitazama tena, lakini hakusema kitu. Mimi nilijisikia vibaya kana kwamba nimekutwa naomba barabarani.

Walipoondoka nilimwambia mama, kwa sauti ambayo mtoto hatakiwi kumtolea mzazi wake: "Mama, sisi hapa si maskini. Unanitia aibu." Kisha nikaikusanya ile mifuko pamoja na makopo yote, nikavitupa kwenye pipa la nje mbele ya macho yake.

Mama hakunijibu. Alikwenda kutia udhu. Kwa siku tatu aliosha vyombo bila kuimba, na mama yangu huwa haoshi vyombo bila kuimba.

Jumatano iliyofuata ikawa siku ya kuchukua taka. Mtaani kwetu pipa la taka za kawaida huchukuliwa kila baada ya wiki mbili, na sharti lake ni kifuniko kifunge. Letu lilikuwa limefura, kifuniko kimeinuka, na juu kabisa yanaonekana makopo ya aiskrimu niliyoyatupa kwa hasira. Gari lilipita, pipa likaachwa, limebandikwa kikaratasi. Kosa lilikuwa letu. Tukakaa nalo wiki mbili nyingine, mwezi wa Juni, jua kali, na harufu yake ikafika kwa jirani. Mimi niliyemwonea mama aibu mbele ya wageni wawili, sasa mtaa mzima ulikuwa unaniona.

Usiku ule mimi na baba watoto tulichukua risiti za mwezi mzima tukakaa nazo mezani. Tuliandika tu vile vitu tunavyonunua ili tuvitupe: karatasi za jikoni pauni 7, waipsi pauni 6, foili pauni 4, nailoni ya kufunikia pauni 3, mifuko ya friza pauni 4, maji ya chupa pauni 11, sahani na vikombe vya wageni pauni 5. Jumla pauni 40. Kwa mwaka ni pauni 480, zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu. Wakati huo mdogo wangu wa mwisho alikuwa chuo, na mara mbili nilikuwa nimemwambia avumilie, mwezi huu mambo ni magumu.

Asubuhi nilimfuata mama jikoni. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akanijibu, "Nilishakusamehe siku ile ile. Niletee fulana zile kuukuu za mumeo na mkasi."

Tulianza na vitambaa

Fulana tano na kanga mbili zilizochakaa zilitoa vitambaa zaidi ya thelathini. Pamba iliyovaliwa na kufuliwa miaka mingi hunyonya maji vizuri kuliko kitambaa kipya cha dukani, na hatukutoa hata senti.

Hapo ndipo uuguzi wangu ulipofaa. Katika hospitali za hapa vitambaa na vifaa vya usafi hugawanywa kwa rangi: vyekundu vya chooni na bafuni, vya kijani vya jikoni, na kadhalika, ili cha chooni kisije kikafika penye chakula. Nyumbani tumefanya vivyo hivyo kwa namna yetu. Vitambaa vya kanga ni vya jikoni tu. Vya fulana ni vya sakafu na bafuni. Hata mtoto wa miaka sita hawezi kukosea.

Sheria zetu ni chache. Kitambaa cha jikoni hubadilishwa kila siku. Kilichotumika huenda kwenye ndoo ndogo bila kifuniko, kwa sababu kitambaa kibichi kikifungiwa huchacha na kuwa shamba la vijidudu. Hufuliwa kwa nyuzi joto 60, bila dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo hupunguza unyonyaji wa maji. Kisha hukaushwa mpaka kikauke kweli.

Karatasi ya jikoni bado ipo. Inatumika kwa majimaji ya kuku mbichi na kwa mtoto akitapika. Roli moja iliyokuwa ikiisha kwa siku nne sasa inakaa zaidi ya mwezi.

Kwa kuoshea vyombo mama alikuwa amekuja na madodoki manne kwenye sanduku. Mwanzoni niliyakataa. Sasa tunakata kipande, tunaoshea, tunakisuuza na kukitundika kikauke. Kikianza kunuka au kulegea, kinatupwa na kinaoza.

Kiporo kinachoonekana

Nailoni ya kufunikia chakula niliiacha kwa wiki moja tu, nikashangaa kwamba niliwahi kuihitaji. Bakuli hufunikwa kwa sahani. Sufuria ina kifuniko chake. Chakula cha mezani hufunikwa kwa kawa, na mama alituletea mbili zilizosukwa kwa ukili.

Cha kuwekea kiporo tulichagua chupa za jemu, za achari na za sosi ya tambi. Faida ya kioo ni kwamba unaona kilichomo. Zamani foili ilikuwa inaficha maharage nyuma ya friji mpaka yaote ukungu. Sasa mtu akifungua friji anaona: hapa kuna mchuzi wa samaki, hapa kuna kisamvu. Kinacholiwa hakitupwi. Ukiwa na kipande cha plasta ya karatasi juu ya kifuniko, andika jina la chakula na tarehe. Zamu za usiku zikinipoteza hesabu ya siku, kikaratasi hicho hunikumbusha.

Niruhusuni hapa niseme kama muuguzi, kwa sababu kutumia tena chombo si ruhusa ya kuchezea afya.

Makopo ya aiskrimu na majarini yametengenezwa kwa vitu vya baridi. Yanafaa kugandishia sambusa, nazi iliyokunwa au maharage yaliyokwisha kupoa. Usimimine humo mchuzi wa moto, wala usiyatie kwenye maikrowevu. Likipasuka au kukwaruzika sana ndani, liage.

Chupa ya kioo usiitie maji yanayochemka ikiwa ya baridi, itapasuka. Ukiiweka friza acha nafasi juu, maana chakula chenye maji kikiganda hutanuka.

Wali ndio wa kuogopwa zaidi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili moto wa kupikia, na wali ukikaa nje unapoa polepole huanza kuzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ushauri wa Food Standards Agency ya hapa Uingereza ni kuupoza haraka, uingie friji ndani ya saa moja, na uliwe ndani ya saa 24. Viporo vingine viliwe ndani ya siku mbili. Sisi tunautandaza kwenye sinia upoe upesi, kisha ndiyo uingie kwenye chupa.

Na ile mifuko ya zipu? Tunaiosha na kuianika, isipokuwa iliyobeba nyama mbichi, kuku au samaki. Hiyo hutupwa bila majadiliano. Hapo mama alikubali sheria yangu, na mimi nikakubali kamba yake dirishani.

Maji, mifuko na mafuta

Maji ya chupa yalikuwa hofu tuliyoileta kutoka nyumbani, ambako maji ya bomba lazima uyachemshe. Hapa Uingereza maji ya bomba yananyweka. Kila mtu sasa ana chupa yake ya chuma, inaoshwa kila jioni kwa brashi, pamoja na kifuniko. Mlioko mahali ambapo bomba haliaminiki, kuchemsha maji na kuyaweka kwenye mtungi au jagi bado ni nafuu kuliko kubeba katoni kila wiki.

Kuhusu mifuko ya sokoni, wengi wetu tumeshalazimishwa na sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata 1 Juni 2019. Oman ilianza Januari 2021. England haikupiga marufuku mfuko wa kubebea, bali iliweka malipo ya lazima: senti 5 mwaka 2015, zikapandishwa hadi senti 10 mwaka 2021. Kwa hiyo mkifunga sanduku la kwenda nyumbani, zawadi zisifungwe kwenye mifuko ya plastiki ya dukani.

Lakini kuna mtego mmoja, na mimi niliuingia mzima mzima. Nilipohesabu mifuko ya pamba ndani ya nyumba nilikuta 23. Kila nilipousahau mfuko nyumbani nilinunua mwingine, nikijiona mtu mwema. Mamlaka ya mazingira ya England ilitoa ripoti mwaka 2011 ikaonyesha kwamba mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ndipo madhara yake kwa tabianchi yawe chini ya mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja, kwa sababu kulima na kutengeneza pamba kuna gharama yake. Kumbe mfuko wa kudumu unakuwa wa kudumu kwa kutumika, si kwa kununuliwa. Tumebakiza minne na kikapu cha mama, vinakaa garini. Mmoja ni wa nyama mbichi tu, na unafuliwa. Mingine niliigawa.

Vivyo hivyo msikimbilie kununua seti nzuri za makontena ya kioo mnazoziona mtandaoni. Kwa mwaka mzima sisi tulinunua chupa nne za chuma za maji na masanduku mawili ya chakula ya watoto, basi. Vingine vyote vilikuwa tayari ndani ya nyumba au ndani ya pipa.

Mwisho, mafuta ya kukaangia. Sisi ni watu wa maandazi, kababu na bajia. Tafadhali msiyamwage sinki, na waipsi msizitupe chooni hata kama pakiti inasema unaweza. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, lilikutwa bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na waipsi na uchafu mwingine, urefu wake mita 250 na uzito wa tani 130. Mafuta yakipoa tunayachuja kwa kitambaa, tunayatumia tena mara moja au mbili kama hayajabadilika rangi na harufu, kisha tunayafunga kwenye kopo na kuyatupa pipani.

Siku ya Maulidi

Mtihani mkubwa haukuwa jikoni kwetu. Ulikuja Oktoba mwaka ule ule.

Kina mama wa hapa tulipo hufanya Maulidi kila mwaka kwenye ukumbi wa kukodi, watu sitini hivi. Miaka yote tumekuwa tukinunua sahani na vijiko vya plastiki, vikombe vya povu, na roli za foili ili kila mtu afungiwe chakula cha kwenda nacho nyumbani. Mwaka ule mwenzetu anayetununulia vyombo aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hapati sahani wala vijiko. Tangu 1 Oktoba 2023 maduka ya England hayaruhusiwi kuuza sahani, vijiko na uma vya plastiki vya kutupa, wala vikombe vya povu. Za karatasi zipo ila bei imepanda. Akaomba tuongeze mchango.

Nilimsomea mama ule ujumbe. Akauliza, "Kwani sahani zenu majumbani zimekufa?"

Kwetu, mama aliwakumbusha watu wote kupitia simu yangu, mtu akiwa na shughuli vyombo hukusanywa mtaani. Huyu anatoa masinia, yule masufuria, mwingine sahani kumi na mbili ambazo chini yake amepaka rangi ya kucha ili zisichanganyike. Shughuli ikiisha kila chombo hurudi kwa mwenyewe.

Sikupenda kulipeleka jambo hili mbele. Niliogopa watasema nesi mzima anashindwa kuchanga pauni tano. Mmoja alisema kweli, kwamba yeye hakuja Ulaya kuosha sahani za watu sitini. Wengine walinyamaza. Kisha mama mmoja wa Lamu, mzee anayeheshimiwa, akaandika: "Mimi nina masinia sita." Baada ya hapo yakaja mengine, yakatimia kumi na nne.

Siku yenyewe tulikula kwenye masinia, watu wanne au watano kwa sinia, mikono imenawishwa kwa birika na beseni. Wasiopenda kula pamoja, na wapo wenye sababu zao za kiafya, walipata sahani za majumbani. Kwenye kabati la jiko la ukumbi tulikuta vikombe vya udongo zaidi ya themanini. Tulikuwa tumekodi ukumbi ule miaka minne bila mtu kulifungua kabati. Kazi ya kuosha walipewa vijana wa kiume na baba zao, na walimaliza kabla kina mama hawajamaliza kuagana.

Mwaka uliotangulia tulitoka na magunia manane meusi ya taka. Mwaka ule yalikuwa mawili, na moja lilikuwa mifupa na maganda.

Tuliambiana kila mtu aje na kopo lake la kubebea chakula. Wakaja nayo, mengi ni ya aiskrimu. Mimi niliyeyatupa yangu mwezi wa Juni ndiye niliyekosa cha kubebea pilau. Mama alitoa moja kwenye kikapu chake, akanipa bila neno. Sijui alilitoa wapi.

Kazi hii ni ya nani?

Nisiwapambie. Kuna mambo mawili ambayo lazima niyaseme.

La kwanza aliniambia mama mwenyewe siku nilipoanza kuwasifu sana wazee wetu. "Usitupambe," akasema. "Sisi hatukuacha kutupa kwa sababu ya akili nyingi. Hatukuwa na cha kutupa. Mifuko ya rambo ilipokuja mimi nilikitundika kikapu msumarini, na nikaona maisha yamekuwa mepesi. Nimekishusha serikali ilipopiga marufuku." Nilifurahi kuyasikia hayo. Kumbe yeye naye alianguka kwenye wepesi ule ule, na akarudi. Wala hakurudi kwa furaha.

La pili ni kwamba kitambaa kinahitaji mtu wa kukifua, na chupa inahitaji mtu wa kuiosha. Mama alipoondoka Novemba niliibeba kazi yote peke yangu, nikiwa na zamu za saa kumi na mbili. Januari nilikuwa na usiku minne mfululizo. Nilitoka kazini asubuhi ya tano, nikakuta sinki limejaa, nikaingia dukani nikanunua sahani za karatasi na waipsi. Nilizitumia wiki mbili. Nilijisikia nimeshindwa.

Baba watoto ndiye aliyeliona tatizo. Alisema, "Ulipokuwa unanunua za kutupa, kazi ya kuosha ilikuwa ya pipa. Sasa imekuwa yako. Sisi wengine hatujapewa chochote." Tukagawana. Yeye huosha chupa na makopo kila usiku na kufua vitambaa siku ya Jumapili. Binti yetu wa miaka kumi huosha masanduku ya chakula, lake na la mdogo wake. Mdogo hukunja vitambaa, na hukunja vibaya, lakini hukunja. Vyombo vya kudumu vikiwa kazi ya mama peke yake, havidumu. Wanaume mnaosoma makala hii, mmesikia.

Kwa anayetaka kuanza, asianze na yote. Chukua risiti zako za mwezi mmoja, zungushia kila ulichonunua ili ukitupe, ujue kinakula pesa ngapi. Chagua kimoja, kile kinachokula zaidi, ukiache kwa wiki nne. Kwetu kilikuwa maji ya chupa, kwenu huenda ni foili au karatasi. Wahenga walisema akiba haiozi, na mimi nimeiona: mwezi wa kwanza tuliokoa pauni 11, mwezi wa nne pauni 29. Fedha hizo hazikai kwetu. Zinakwenda kwa mdogo wangu chuoni, na sasa simwambii tena avumilie.

Mama yuko Tanga. Tunapiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Anaulizia watoto, anaulizia baridi, anaulizia kazi. Kabla ya kukata simu hauachi kuniuliza swali lake moja: "Pipa linafunga?"

Wiki nyingi namjibu linafunga. Wiki nyingine namwambia ukweli, halijafunga. Ananiambia nijaribu tena.